Kazini, Kyambogo au kwenye simu: pa kujifunzia kazi ya kuwasaidia watu wazima wenye usonji

Kila mwaka matokeo ya S.6 (mwaka wa mwisho wa sekondari hapa Uganda) yakitoka, simu yangu hainyamazi kwa wiki mbili. Anayepiga leo ni mpwa wa jirani, kesho ni mwalimu wa shule ya msingi aliyechoshwa na darasa la watoto 90, keshokutwa ni mama ambaye kijana wake mwenye usonji (autism) ametimiza miaka 22 na hakuna shule inayomtaka tena. Wote wanauliza waanzie wapi. Wengine wanataka kuingia kazini moja kwa moja kama wasaidizi. Wengine wameshachukua fomu za Chuo Kikuu cha Kyambogo, Kampala. Na siku hizi wapo wengi walioona tangazo la kozi ya saa 40 kwenye intaneti, cheti kabla ya mwezi kwisha.

Mimi nimepita njia zote tatu, tena kwa kuhangaika, na sikuzipita kwa mfuatano ambao ningemshauri mtu. Hapa nitazipanga zitazamane. Sitajifanya sina ninayoipendelea.

Kwanza, kazi yenyewe

Ukitaja usonji, watu humfikiria mtoto wa miaka minne anayezungusha tairi la gari la kuchezea. Huduma nyingi hapa Uganda nazo zimejengwa kwa ajili ya mtoto huyo. Lakini watoto hukua. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner aliandika kuhusu watoto 11, maandishi yaliyoufanya usonji utambulike kama hali inayojitegemea. Wa kwanza katika orodha yake alikuwa Mmarekani Donald Triplett. Mtoto huyo alikua, akafanya kazi benki, akaendesha gari, akacheza gofu, akafariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Piga hesabu uone ni mingapi kati ya miaka hiyo ilikuwa ya utoto. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji, na hesabu hiyo ina wazee ndani yake.

Programu niliyojifunzia kazi vizuri ilikuwa katika nyumba ya kupanga karibu na Kireka, pembeni mwa Kampala (si kile kituo cha serikali cha ufundi kwa watu wenye ulemavu kilichoko huko huko). Tulikuwa na wanafunzi 14. Mdogo alikuwa na miaka 19, mkubwa 41. Asubuhi walisoma na kuhesabu, hasa pesa. Baadaye walipika, walifua, walishona, walitengeneza sabuni ya maji, na mara tatu kwa wiki tulitoka: sokoni, kwa kinyozi, kwenye steji ya taksi (basi dogo la abiria). Msaidizi hakuwekwa pale kuwatuliza watu wakae kimya. Kazi yake ilikuwa kumsaidia mtu mzima aweze leo jambo ambalo jana hakuliweza, kisha ajiondoe kidogo kidogo. Kujiondoa ndiko kugumu. Mkono wa mwalimu unawasha ukiona mtu anahangaika na kifungo kwa dakika nne.

Na tafadhali, hao si watoto. Nimemwona mwanamume mwenye mvi kidevuni akiitwa "mtoto wetu" mbele ya wageni, tena akipapaswa shavu. Kwetu Busia mtu wa umri huo tunamwita kaka, au mzee akituzidi sana, na unabisha hodi kabla ya kumfungulia mlango wa bafu. Mahali popote utakapokwenda kuomba kazi, sikiliza jina wanalowaitia wanafunzi wao. Utakuwa umejifunza mengi kabla hujapewa kiti.

Kujifunzia kazini

Mwaka wangu wa kwanza Kireka nilikabidhiwa kijana wa miaka 27 nimfundishe kupanda taksi hadi Nakawa. Nikajiona fundi. Nilikata safari vipande 11: kusimama steji, kusikiliza kondakta anaita wapi, kuuliza "Nakawa?", kuingia, kukaa, kutoa noti, kungoja chenji, hadi kusema "maaso awo" ("hapo mbele" kwa Kiganda) kabla ya mahali pa kushukia. Kila kipande nilikichorea kadi. Tulipanga viti darasani kama taksi, na baada ya wiki tatu aliweza vyote 11 bila mimi kufungua mdomo.

Siku ya safari yenyewe, nauli ilikuwa 1,000, akatoa noti ya 2,000. Kondakta akamrudishia sarafu ya 1,000, ile yenye korongo taji. Kijana akaigeuza, akaitazama upande wa pili, akaiweka tena kwenye kiganja cha kondakta.

"Si elfu," akasema.

Kondakta akacheka, abiria wakacheka, na kijana akaanza kupaza sauti: si elfu, si elfu, si elfu. Tulishukia Banda, Nakawa hatukuiona. Nilirudi nimekunja uso, nikaandika kwenye daftari: "Amefanya fujo ndani ya taksi." Dada aliyekuwa akinisimamia alilisoma akiwa amesimama mlangoni.

"Kadi zako zina elfu ya namna gani?"

"Noti."

"Zote?"

"Zote, dada."

"Basi yeye amesema kweli. Wewe ndiye uliyemfundisha kwamba elfu ni karatasi. Sarafu hiyo ipo tangu 2012, na sasa hivi unayo mfukoni. Futa neno fujo. Andika kilichotokea."

Nilikuwa nayo kweli, ndani ya mfuko wa shati. Jambo alilonionyesha lina sura yake katika kila kitabu cha fani hii: mtu mwenye usonji anaweza kujifunza ustadi barabara mahali pamoja, kwa kifaa kimoja, na mtu mmoja, na usihame wenyewe kwenda mahali pengine. Ndiyo maana tangu siku ya kwanza unafundisha kwa mifano mingi. Noti mpya, noti iliyochakaa, sarafu, kondakta mwanamke, taksi iliyojaa, taksi yenye redio. Baadaye nimelisoma somo hilo Kyambogo, na nikalisoma tena kwenye kozi ya intaneti, na mara zote mbili nilimkumbuka yule kondakta. Sidhani kama ningelisoma tu ningelielewa.

Kitu kingine nilichokipata kazini ni kuandika. Watu hudhani daftari ni kazi ya ofisi. Tulikuwa na mwanamke wa miaka 33 aliyekuwa akijipiga masikio hadi yanavimba, siku nyingine mara kumi, siku nyingine hata mara moja hakuna. Kila mmoja wetu alikuwa na maelezo yake. Amekasirishwa, ana njaa, anataka kwenda nyumbani. Msimamizi akatupa karatasi yenye nguzo tatu: nini kilitangulia, alifanya nini, nini kilifuata, pamoja na saa. Hakuna nafasi ya "kwa sababu". Wiki ya pili nguzo ya kwanza ilianza kujirudia. Jirani yetu alikuwa fundi wa kuchomelea, na siku za kukata mabomba kwa mashine ndizo siku za masikio. Sisi tulikuwa tumeizoea sauti ile hata hatuisikii tena. Tukanunua vizuia sauti kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na fundi, bwana mwema yule, akakubali kumtuma kijana wake atuambie kabla ya kuanza kukata. Wakati wa kukata, mwanamke huyo alihamia chumba cha nyuma na kazi yake ya kushona. Kujipiga hakukwisha kabisa. Kulipungua kiasi cha masikio kupona.

Nimesimulia kwa urefu kwa sababu hapa ndipo penye tofauti. Karatasi ya nguzo tatu unaweza kuichapisha bure kutoka popote. Ila mtu wa kukuambia "hilo uliloandika ni maoni yako, si kilichotokea", huyo haji na karatasi.

Njia hii ina ubaya wake, tena mkubwa. Kituo cha kwanza nilichofanyia kazi kabla ya Kireka, ambacho sitakitaja, kilinifundisha kumbana mtu mikono kila alipoanza kutikisa vidole. Hakuna aliyeniambia kwamba kutikisa vidole hakumdhuru na mara nyingi ndiyo njia yake ya kujituliza. Nilikaa huko miezi saba, nikatoka na uzoefu wa miezi saba wa kukosea. Baadhi ya mazoea hayo yalichukua mwaka mzima kunitoka. Ukijifunzia kazini, unajifunza kila kitu cha mahali pale, kizuri na kibovu, na mwanzoni huna macho ya kuvitenganisha.

Halafu mshahara. Kima cha chini kisheria Uganda bado ni kile cha 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, kwa hiyo sheria haina la kukusaidia unapopatana. Taka maandishi. Uliza pia kuhusu NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii. Tangu marekebisho ya sheria ya 2022, kila mwajiri anapaswa kuchangia hata akiwa na mfanyakazi mmoja, yeye asilimia 10 na wewe asilimia 5. Vituo vidogo hupenda kukuita "mtu wa kujitolea" kwa miaka miwili. Kujitolea kwa miezi mitatu naelewa.

Kabla ya kukubali, omba ukae siku moja nzima utazame tu. Uliza nani atakutazama ukifanya kazi, mara ngapi kwa wiki, na yeye alijifunzia wapi. Uliza wanafanya nini mtu akianguka kifafa, maana kifafa huwapata watu wenye usonji zaidi kuliko watu wengine. Wakikuambia habari ya kijiko mdomoni, aga uondoke. Jibu unalotaka kusikia ni hili: hawamtii kitu mdomoni, wanaondoa vitu vigumu karibu naye, wanamlaza ubavu, wanatazama saa, na degedege likipita dakika 5 wanampeleka hospitali.

Kyambogo

Kilichokuwa chuo cha taifa cha elimu maalumu, UNISE, kiliunganishwa mwaka 2003 na vyuo viwili jirani zake kuwa Chuo Kikuu cha Kyambogo. Kwa hiyo ukisoma mambo haya Uganda, kuna uwezekano mkubwa aliyekufundisha, au aliyemfundisha yeye, alipita kwenye kilima hicho. Nilijiunga baada ya miaka miwili ya kazi, nikiwa na kiburi kidogo. Nilidhani najua.

Kilichonishangaza ni jinsi nilivyokuwa sijui mambo yaliyo nje ya chumba changu. Sikujua kuwa Uganda iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2008, wala kwamba kuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2020 ambayo ningeweza kumsomea mwajiri aliyekataa kumchukua mwanafunzi wangu. Sikujua kutengeneza mpango wa mtu mmoja wenye malengo yanayopimika. Nilikuwa naandika "aboreshe mawasiliano", lengo ambalo hata mimi sijalifikia. Nilijifunza kusoma utafiti na kuukagua. Mfano ni suala la lugha. Nilikuwa nawaambia wazazi waache Kisamia na Kiswahili nyumbani, wamsemeshe kijana Kiingereza tu ili asichanganyikiwe. Niliambiwa hivyo, nikasambaza. Tafiti zilizolinganisha watoto wenye usonji wa lugha moja na wa lugha mbili hazikuona kwamba lugha ya pili inawarudisha nyuma. Mama mmoja wa Busia alikuwa ameacha kumwimbia mwanawe kwa ajili ya ushauri wangu. Nilimpigia simu, na hayakuwa mazungumzo rahisi.

Huko ndiko pia nilikokutana na hoja ya Damian Milton, msomi mwenye usonji mwenyewe, aliyeandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana kati ya mtu mwenye usonji na asiye nao hutoka pande zote mbili. Kabla ya hapo upungufu wote ulikuwa ukiwekwa upande mmoja. Msimamizi wangu pale Kireka alikuwa amenieleza jambo hilo hilo kwa sarafu.

Sasa upungufu. Kwa macho yangu, masomo yanaelekea shuleni: mifano ni ya P.3 (darasa la tatu la msingi), mazoezi ni ya darasani, mwanafunzi anayezungumziwa ana miaka tisa. Mtu mzima anatajwa mwishoni, juu juu, kama mvua za Januari. Mambo yanayotusumbua sisi, kama vile nani ashike simu ya pesa ya mtu wa miaka 35, msichana aliyepata mchumba, mwanafunzi aliyefiwa na mama aliyekuwa akimwogesha, hayakuwa na mahali. Nilikuwa nauliza, wenzangu wananitazama. Ukiona elimu ya darasani haikufai, angalia pia idara ya masomo ya jamii na ulemavu hapo hapo chuoni. Inamtazama mtu nje ya shule, kijijini na kazini.

Cheti chake kinafungua milango, hilo halina ubishi. Sera ya Taifa ya Walimu ya 2019 inataka kila mwalimu awe na digrii, hivyo kama tayari uko kwenye ualimu, njia hii inakulipa mara mbili. Kama umeajiriwa, uliza kwanza ratiba ya masomo kabla ya kulipa ada. Mimi niliulizia baadaye, nikaishia kuwa naamka saa kumi alfajiri kwa muhula mzima.

Kwenye simu

Tangazo lile la saa 40 mara nyingi linazungumzia maandalizi ya cheti kiitwacho RBT, yaani fundi wa tabia aliyesajiliwa, kilichoanza kutolewa Marekani mwaka 2014. Niliisoma kozi hiyo usiku, kwa bando la data na taa ya sola. Haikuwa mbaya. Kukata kazi vipande, kupunguza msaada hatua kwa hatua, kuhesabu badala ya kukisia, vyote vinaelezwa vizuri, tena kwa video. Mtu aliyeshika kazi ataona "aa, kumbe hili ndilo jina lake".

Yapo mambo mawili ambayo tangazo halikuambii. La kwanza, bodi inayotoa cheti hicho, BACB, tangu 1 Januari 2023 imefunga maombi kwa nchi nyingi za nje, na Uganda imo katika zilizofungiwa. Utamaliza saa 40, utapewa karatasi ya mwenye kozi, na hutasajiliwa. Hata huko kwao saa 40 ni mlango tu. Baada yake kuna kupimwa ukifanya kazi, kuna mtihani, na kila mwezi angalau asilimia 5 ya saa zako za kazi lazima usimamiwe na mwenye cheti cha juu. Wenyewe waliotunga kozi hawaamini kwamba video inatosha. Muuzaji wa Kampala anaamini.

La pili ni mzozo. Mbinu hizi zinatokana na uchambuzi wa tabia, na jina linalotajwa sana ni Ivar Lovaas wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ambaye utafiti wake wa 1987 ndio uliozipa umaarufu. Miaka ya mwanzo zilitumika adhabu, hata shoti ya umeme. Leo wengi wameziacha adhabu, lakini watu wazima wenye usonji waliopitishwa humo utotoni wamesema waziwazi kwamba walifundishwa kuuficha mwili wao na kutii kila mtu. Kumfundisha mwanamke mzima kutii kila mtu, Kampala hii, ni kumweka hatarini. Mimi natumia vyombo vya njia hii, malengo yake siyachukui yote. Msichana wa miaka 20 asiyejua historia hii atachukua vyote pamoja.

Kilichonifaa zaidi kwenye intaneti ni mpangilio wa TEACCH, ulioanzishwa Chuo Kikuu cha North Carolina mwaka 1972. Kiini chake ni kwamba mtu aone kwa macho majibu ya maswali manne: nifanye kazi gani, kiasi gani, nitajuaje nimemaliza, kisha nini. Tulijaribu kwenye sabuni. Zamani tulimwambia kijana "jaza chupa", akajaza tatu akatoka, au akaendelea hadi sabuni ikamwagika. Tukaweka chupa 12 tupu kwenye kreti kushoto, pipa katikati, kreti tupu yenye miduara 12 iliyochorwa kulia, na kando yake picha ya chai. Miduara ikijaa, anakwenda kunywa chai. Hatusemi neno. Siku ya nne mimi nilikuwa nje naongea na dereva wa boda, na chupa zote 12 zilikuwa kulia.

Kozi ya Shirika la Afya Duniani kwa walezi ni ya bure na imeandikwa kwa ubinadamu, ila imelenga familia za watoto wa miaka 2 hadi 9. Ichukue kama utangulizi.

Mulago na Makerere, kwa ufupi

Kuna njia ya nne niliyoitazama kwa mbali: afya. Tiba ya kazi (occupational therapy) husomwa Mulago, ngazi ya diploma, na Makerere imefundisha tiba ya usemi na lugha tangu 2008. Ukiwa na sayansi nzuri za S.6, usinisikilize mimi, nenda huko. Wataalamu wa usemi ni wachache mno nchini na watu wazima wasiosema wamesahaulika kabisa. Kama sayansi zako ni za kubahatisha, tuendelee.

Zikitazamana

Kwa muda, simu inashinda: wiki chache. Kazini unaanza kuwa na faida kwa wengine baada ya miezi sita hivi, unaiva baada ya miaka miwili. Kyambogo ni miaka, kulingana na ngazi.

Kwa pesa, kazini unalipwa kidogo huku unajifunza, chuoni unalipa, na kwenye simu unalipa kidogo kwa karatasi ambayo mwajiri hajui aiweke wapi. Nimekaa kwenye usaili wa wasaidizi mara kadhaa. Mwenye cheti cha saa 40 peke yake tunamuuliza maswali yale yale tunayomuuliza asiye nacho.

Jinsi kila njia inavyoharibu ndilo jambo ninalolipa uzito. Kazini inaharibu ukipata msimamizi mbovu. Chuoni inaharibu kwa kukuacha na maneno mengi na mikono mitupu: nimempokea mhitimu aliyeandika ripoti ya kurasa 14 kuhusu mwanafunzi ambaye alikuwa hajawahi kukaa naye mezani kula. Simu inaharibu kwa kukupa ujasiri ambao hujaufanyia kazi, na mtu anayelipia ujasiri huo ni yule asiyeweza kusema kwamba anaumia. Tulimpata msaidizi kijana wa namna hiyo. Mwanafunzi mmoja mtulivu alianza ghafla kuuma mkono wake, na msaidizi huyo akatengeneza mpango mzuri wa zawadi na vibandiko. Siku ya tatu mpishi wetu, mama wa makamo asiye na cheti chochote, akamtazama mwanafunzi wakati wa kula akasema, "Huyu anatafuna upande mmoja." Lilikuwa jino limeoza. Tangu hapo tabia ikibadilika ghafla tunaanza na mwili: jino, sikio, tumbo, hedhi.

Kwa hiyo kipimo changu ni kimoja: nani atakutazama ukiwa kazini, akurekebishe siku hiyo hiyo? Palipo na mtu huyo ndipo pa kuanzia, hata kama mahali penyewe hapana bango. Mara nyingi atakuwa kwenye programu fulani ndogo, si chuoni wala kwenye simu.

Nani aende wapi

Uliyemaliza S.6 na huna ada: tafuta kituo, kaa siku ile moja ya kutazama, fanya kazi mwaka mmoja chini ya mtu anayeandika na kusoma unachoandika. Weka madaftari yako (bila majina ya wanafunzi, herufi tu). Ndipo uende Kyambogo, na utauliza maswali ambayo mhadhiri atayafurahia au atayachukia. Kozi za bure za intaneti ziwe za jioni katikati ya mwaka huo.

Mwalimu uliye kazini: geuza. Wewe una darasa tayari, anza na Kyambogo, lakini likizo mbili zitumie kwenye programu ya watu wazima, ukifanya kazi za msaidizi na si za mgeni. Osha vyombo nao. Kuna mwalimu alikuja kwetu na miaka 15 ya chaki, siku ya kwanza akawapanga mstari.

Uliye na cheti cha saa 40 tayari: hukutupa pesa. Kipeleke kwenye usaili pamoja na mfano mmoja wa kazi uliyokata vipande mwenyewe na jinsi ilivyokwenda. Huo mfano ndio utakaosomwa.

Na mama wa kijana wa miaka 22, ambaye ndiye hunipa shida kumjibu. Yeye hatafuti kazi, ingawa wawili niliowajua waliishia kuwa wasaidizi wazuri kuliko sisi wote. Kwake nasema asianze na kozi yoyote. Achague jambo moja la nyumbani ambalo bado anamfanyia mwanawe, kupaka mkate siagi tuseme, alikate vipande, na kila siku aache kipande kimoja cha mwisho afanye kijana mwenyewe. Kisha anipigie Jumapili tuzungumze palipokwama. Wengi hawapigi. Mmoja alipiga, akaniambia kijana amepaka siagi mkate mzima, pande zote mbili, na meza.